Koti Lililoota

Jumamosi iliyopita, ukumbini Njiro, kwenye sendofu ya shemeji yangu, niliitwa mbele kutambulisha upande wetu. Nikaenda kwa madaha, suti nyeusi. Kicheko kikaanzia meza ya nyuma, kikanifuata meza kwa meza, nami kwa ujinga wangu nikakipungia mkono. Ndipo shangazi wa mke wangu alipoinuka, akaanza kunipangusa mgongo kwa khanga yake mbele ya ukumbi mzima. "Pole baba, umeegemea chokaa." Akapangusa tena. Akainusa khanga. Akarudi kuketi kimya, ameishika kwa vidole viwili. Mshereheshaji, ambaye hulipwa ili asinyamaze, akatangaza kwamba leo ukungu wa Meru umeshukia mgongoni kwa bwana shemeji.

Hakukosea. Kiswahili kimekipa jina moja kile kinachomfunika Meru asubuhi za Juni na kile kilichoota kwenye koti langu.

Chanzo ni Aprili: masika yamekolea, bati likavuja juu ya kabati. Nikadeki, nikafungua dirisha kutwa moja, nikaridhika. Kumbe sakafu hukauka, ukuta hudanganya. Tofali la saruji lina vinyweleo, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Mbegu za ukungu nazo ziko hewani siku zote, hata sasa unaposoma. Zinangoja unyevu tu. Zipe siku mbili, zinachipua. Na ulaji wake! Hauna mdomo wala tumbo: hutandaza nyuzi, humwaga vimeng'enya juu ya chakula, hukiyeyusha nje ya mwili, kisha hufyonza. Ni mgeni anayepika ndani ya sahani yako. Karatasi ya jipsamu kwake ni pilau. Sufu ya koti, kachumbari. Ndugu yake mmoja alimpa Alexander Fleming penisilini mwaka 1928. Wangu hajanipa hata aspirini.

Dawa yenyewe si kubwa: ziba panapovuja, kausha ndani ya siku mbili, ng'oa jipsamu iliyolowa, acha kiganja kizima kati ya kabati na ukuta hewa ipite. Mimi niliingiza jiko la gesi chumbani ili likaushe. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji. Nilikuwa namwagilia bustani.

Baba mwenye nyumba yeye alileta ndoo ya rangi nyeupe, akapaka juu ya ukungu, bati hakulitupia jicho, akadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Madoa yalirudi kabla risiti haijachakaa. Mwanangu anakohoa tangu Mei, na mwenye nyumba ananiambia kosa ni letu, tunalala tumefunga madirisha. Baridi ya Arusha mwezi wa saba, na mtoto anakohoa, tuyafungue? Yeye kwake kumekauka.

Viatu vya ngozi vimeota pia.

Cheti cha ndoa kimeota pembe moja, yenye jina langu.

Leo asubuhi shangazi amepiga simu kutusalimia. Khanga, anasema, ameifua mara tatu.