Mama Mkubwa na Namba ya Chesisi

Dalali wa magari hana gari baya. Ana gari linalotaka marekebisho madogo tu, na mwenye gari aliyepata dharura. Ukiuliza limetembea kilomita ngapi, atakuonyesha dashibodi, na mafundi wa kurudisha dashibodi nyuma mjini hawalali njaa. Rangi inapigwa upya, viti vinavalishwa, harufu ya dagaa inafukuzwa kwa kale kamti ka marashi kanakoning'inia kwenye kioo. Namba ya chesisi tu ndiyo ngumu kuifundisha uongo. Kuibadilisha kunataka kusaga chuma, na chuma kilichosagwa hakijifichi.

Shida ni kuiomba. Ukisema "naomba nione chesisi", dalali anashika kifua: "Bosi, yaani huniamini?" Nasi waungwana tunaona haya. "Hapana, nakuamini," tunajibu, kisha tunalipiga tairi teke moja la kitaalamu, tunafungua mlango na kuufunga tusikie mlio wake, ukaguzi umekwisha. Sijui petroli, lakini biashara hii inaendeshwa zaidi na aibu zetu.

Ndiyo maana mdogo wangu alipotaka kununua IST nilimwambia tumchukue Mama Mkubwa. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, shule ya msingi, na haya ya kumuuliza mtu swali hakuzaliwa nayo.

Tulilikuta gari Kinondoni chini ya mwembe, namba D, rangi ya bluu, limeoshwa hadi matairi yanang'aa.

"Shikamoo mama. Hii gari ni ya daktari. Nyumbani hospitali, hospitali kanisani, basi. Unaweka mafuta unaondoka."

"Marahaba. Fungua boneti."

Namba ilikuwa imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, mahali ambapo mwenye kitambi huonyeshwa mipaka yake. Mdogo wangu alimulika kwa simu. Mama Mkubwa akavaa miwani, akafuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaanza kuita mahudhurio, mimi nimeshika kadi ya gari.

"N. C. P. Sita. Sifuri."

"Kadi inasema sita, moja."

"Rudia."

"NCP61."

"Hapa ni NCP60. Kijana, njoo uone."

Namba za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huanza na modeli, kisha kistari, kisha namba ya gari lenyewe. NCP60 ni IST ya cc 1290. NCP61 ni ya cc 1490. Ile inayovuta magurudumu yote manne ni NCP65. Ningesema karani aliteleza kidole, ila kadi nayo ilishikilia cc 1490, na tarakimu zilizofuata kistari zilikwenda kila moja njia yake. Kwa maneno mengine, kadi ilikuwa ya gari jingine, pengine lililokwisha kuuzwa chuma chakavu, na hili mbele yetu huenda lina mwenyewe anayelitafuta.

Mdogo wangu, kijana wa intaneti, alikuwa ameshaiingiza namba kwenye tovuti moja ya ng'ambo. Magari ya Ulaya na Marekani yana herufi na tarakimu 17, bila I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Ya Kijapani ni fupi. Tovuti ilihesabu, ikakosa, ikatangaza kwamba gari hilo halipo. Tulikuwa tumeliegemea.

Dalali hakutikisika. "Mama, huo si ndio uzuri? Kadi inasema 1490, mnapewa 1290. Mmepunguziwa mafuta!" Nilitamani kumpigia makofi.

"Na hii 040 kwenye bamba?" Mama Mkubwa alikuwa bado kainama.

Fundi tuliyekuja naye, aliyekuwa kimya kwa namna iliyonitia wasiwasi, akakohoa. "Hiyo namba ya rangi, mama. Nyeupe."

Sote tukalitazama gari la bluu.

"Lilikaa sana Dodoma," dalali alisema. "Jua la kule linabadilisha rangi."

Mdogo wangu akaona amalizie kabisa: akatafuta namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki. Zikashuka, mwendo kasi, shilingi 30,000 kila moja, nyingi za Barabara ya Morogoro. Daktari alikuwa anasali mbali, na alikuwa anachelewa ibada.

Mama Mkubwa alirudisha kadi, akaaga kwa heshima zote, akamtakia dalali biashara njema. Dalali alimwitikia, akaomba na namba yangu ya simu, endapo litapatikana jingine.

Jioni ile nililiona gari letu kwenye status yake, chini ya mwembe uleule: "IST namba D, cc 1290, haili mafuta. Ya mama mmoja mwalimu mstaafu. Boneti haijawahi kufunguliwa."