Yah: Pongezi kwa Kutufungia Vitabu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi Inayohusika na Usomaji wa Wananchi,
Popote ulipo.



Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi cherehani wa Buswelu, Mwanza, makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, mahali palipokuwa na mashamba na mawe na sasa pana viwanja na mawe. Anwani yako nimeitafuta nikaikosa. Mlango wa kwanza walinielekeza wa pili. Wa pili wakaniambia vitabu viko mlango wa tatu. Wa tatu wakaniuliza kama hicho kitabu kinatoka kwenye mtihani, na nilipojibu hapana, wakasema basi hiyo ni burudani, na mtu wa burudani yuko semina. Ndiyo maana barua hii ni ya wazi. Ningeifunga, nani angeifungua?

Nianze na pongezi, maana najua wengi hukuandikia kulalamika. Wanasema vitabu haviwafikii wananchi. Waongo hao. Mimi vinanifikia kila siku saa nne asubuhi, kwenye beseni, kichwani kwa mama mmoja muuza karanga. Anatua beseni mbele ya kibanda changu, anachana ukurasa, anauzungusha kidoleni mpaka unakuwa kama pembe ya mbuzi, anapinda ncha ya chini, anapima karanga kwa kikombe cha kahawa, kisha ananikabidhi fasihi ikiwa bado ya moto. Mia mbili tu. Hakuna fomu, hakuna picha mbili za pasipoti, hakuna barua ya mtendaji wa mtaa.

Mafanikio haya yalishika kasi tarehe 1 Juni 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Kabla ya hapo kila kitu kilibebwa na rambo, mfuko tuliouita kwa jina la yule komando wa sinema za Marekani. Sylvester Stallone, bila yeye kujua, aliibeba sukari, nyanya na dagaa ya nchi hii kwa miaka mingi kuliko waziri yeyote wa biashara. Alipoondolewa sokoni, nafasi yake ikachukuliwa na karatasi, na karatasi ikaja na waandishi wetu. Kwa hesabu yangu huu ndio ushindi pekee wa fasihi ya Kiswahili dhidi ya Hollywood, na sikusikia ofisi hata moja ikiusherehekea.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita nilimaliza karanga, nikakunjua karatasi kama ilivyo desturi yangu, nikamkuta mwanamume yuko ukweni. Amemfuata mkewe, ambaye wazazi wake wamemchukua kwa sababu ndugu wa mume walikuwa wakimsimanga kuwa hazai. Wakwe wamemkalisha, wanamwekea masharti ya pombe. Baba mkwe ndiyo kwanza anafungua mdomo, ukurasa ukaisha. Namba yake ilikuwa imechanika. Nilisimama, Mheshimiwa, suruali ya mteja ikabaki chini ya sindano, nikamkimbilia mama wa karanga mpaka kijiwe cha bodaboda.

"Mama, karatasi inayofuata hii iko wapi?"

"Inayofuata kufanya nini?"

"Kuna mtu yuko ukweni."

Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi. "Ngosha, huyo mtu kaondoka jana na karanga za hawa vijana."

Vijana wa bodaboda walikuwa wamekwishaitupa. Nikamwomba basi aniuzie karatasi zilizobaki, karanga abaki nazo. Akafikiri, maana ni mfanyabiashara. "Karanga na karatasi yake mia mbili. Karatasi peke yake mia tatu. Utaniachia karanga zangu uchi, nitazivalisha nini?"

Nikachagua bei nafuu. Kwa wiki tatu nimekula karanga asubuhi, mchana na jioni. Nimekusanya kurasa tisa na hazifuatani hata mbili. Kwa mujibu wa kurasa zangu, mtoto anaugua kabla hajazaliwa, na anazaliwa kabla mama yake hajarudi kwa mumewe.

Aliyeniambia nasoma kitabu gani ni mwalimu mmoja mstaafu aliyeleta koti lipunguzwe mabega. Aliyaona majina mawili, Myombekere na Bugonoka, akakaa chini kwenye benchi la wateja, akasahau koti. Kitabu hicho, alisema, kiliandikwa hapo ng'ambo, Ukerewe, na mzee Aniceti Kitereza. Alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe. Wachapishaji hawakukitaka, kwa kuwa Wakerewe ni wachache na wanunuzi wangekuwa wachache zaidi. Mzee akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, mamia ya kurasa. Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980, kikachapwa Uchina, na mzee akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35, Mheshimiwa. Kimetoka Ukerewe, kikaenda Uchina, kikarudi, kikaishia kwenye beseni Buswelu. Na kutoka bandari ya Mwanza hadi Nansio meli ni saa tatu hivi.

Jina kamili la kitabu, mwalimu aliongeza, ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Nikamuuliza hao wawili wa mwisho ni kina nani. "Watoto wao," akajibu. Kwa hiyo mwisho nilikuwa nao tangu jaladani, kama ningekuwa na jalada.

Kisiwa hichohicho kimetupa Gabriel Ruhumbika, aliyekifasiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza, na kimetupa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo mwaka 1944, aliyefariki Januari 2020. Waandishi watatu wa kiwango hicho kutoka kisiwa kimoja. Sisi wa bara tukiulizwa Ukerewe inatoa nini, tunajibu sato, sangara na machungwa.

Hapa nilitaka kukushukuru pia kwa upande wa pili wa neno kufungia. Karanga zinafungiwa na vitabu vinafungiwa, Kiswahili hakikutaka kutuchosha na maneno mawili. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikafungiwa mashuleni, baadaye ikaingizwa kwenye orodha ya vitabu vya kusomwa mashuleni humohumo. Wale walioisoma ikiwa imefungiwa wanaikumbuka mpaka leo. Nina wateja wawili wazee, ukiwatajia Rosa wanaangalia kwanza kama mlango umefungwa. Wale walioisoma ikiwa ya mtihani wanakumbuka walipata C. Februari 2023 Wizara ya Elimu ikaviondoa mashuleni vitabu 16 vya watoto, vikiwemo vile vya *Diary of a Wimpy Kid*. Jirani yangu, ambaye hajawahi kumnunulia mwanawe kitabu chochote, alitaka kujua vinapatikana wapi. Sikuwa na jibu. Hata kitu kilichokatazwa hakifiki Buswelu.

Kinachofika ni uchambuzi. Kijana ninayemfundisha kazi amemaliza kidato cha nne, na siku moja nilimuuliza kama *Takadini* ya Ben Hanson ilimpendeza. Alinitazama kama nimemuuliza kama anaipenda kanuni ya eneo la duara. Kisha akasimama wima, mikono nyuma: "Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui."

"Kitabu chenyewe je?"

"Kile chenyewe hatukukiona, fundi. Tulikuwa na pamfleti."

Na pamfleti ndiyo inayojaa kwenye duka la steshenari ambalo kibao chake kimeandikwa duka la vitabu. Kuna kaunta buku, rula, gundi, mashine ya fotokopi, na maswali na majibu ya miaka kumi iliyopita. Niliulizia riwaya. Muuzaji akanipa daftari la kurasa mia mbili. Labda aliona niandike mwenyewe.

Sikatai kwamba zamani mambo yalikuwa magumu vilevile, ila ugumu ulikuwa na utamu wake. Kina Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walipita mkono kwa mkono mpaka jalada likaisha, kurasa za mwisho zikaisha, ikabidi umtafute aliyesoma kabla yako akusimulie nani alikufa. Gazeti la katuni la Sani liligombaniwa saluni. Watu walisubiri zamu ya kunyolewa huku wakisubiri zamu ya Ndumilakuwili. Halafu zikaja hadithi za Eric Shigongo kwenye magazeti ya udaku, kila wiki zikikatikia pale bastola inapoinuliwa, chini yake neno moja: itaendelea. Waliosoma sana waliwacheka waliozisoma. Mimi nilikuwa nanunua. Mwandishi mwenyewe wananchi wa Buchosa, mkoa huuhuu, walimchagua kuwa mbunge mwaka 2020, kwa hiyo usiniambie msomaji wa udaku hana sauti.

Naomba basi, kwa unyenyekevu, maboresho machache kwenye mtandao wako. Karatasi ziwe zinakwenda kwa mfululizo: Jumatatu sura ya kwanza, Jumanne ya pili, na mwenye karanga asiruke. Vitabu vizito vipewe wauza maandazi, kwa sababu mafuta yakishapenya, ukurasa unakuwa kama kioo na unausoma wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Ni kwa njia hiyo tu nimewahi kudhani nimeielewa *Nagona* ya Kezilahabi. *Mabepari wa Venisi*, aliyoifasiri Mwalimu Nyerere mwenyewe na kuitoa 1969, wapewe wauza nyama, maana kule habari ya ratili moja ya nyama inahusika.

Kuna karatasi moja sikuikunjua kwa furaha. Ilikuwa muhtasari wa kikao, wa ofisi ambayo sitaitaja, agenda namba moja: kuhamasisha utamaduni wa kusoma. Waliohudhuria wameorodheshwa. Chai, maji na vitafunwa vimeorodheshwa. Posho ya nauli imeorodheshwa, na kila mmoja amesaini. Maazimio yalikuwa ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili sikuupata. Nadhani ulikwenda na vitumbua. Mama wa karanga aliusifia sana huo mzigo. Karatasi za ofisini, alisema, ni safi, ngumu, na hazijawahi kuguswa na mtu.

Nilimuuliza vitabu anavipata wapi. Kwa kijana wa chuma chakavu, kwa kilo. Na yeye? Huko kunakofanyika usafi, watu wanapohama, wazee wanapofariki na watoto kuja kugawana makochi. Kitereza alikuja ndani ya boksi moja na betri mbovu ya gari na sufuria lisilo na kitako. Betri ilipimwa peke yake kwa kuwa ina thamani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla hujaunda kamati ya kuichunguza barua hii, nakuomba jambo moja tu dogo. Kama katika shelfu za ofisi yako, nyuma ya faili, kuna nakala ya kitabu cha Kitereza, fungua mahali Myombekere yuko ukweni na baba mkwe anafungua mdomo. Nitumie ukurasa unaofuata. Kama taratibu haziruhusu kuutuma mtupu, utume na karanga. Zisiwe na chumvi nyingi, nina presha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi Cherehani,
Buswelu, Mwanza.

Nakala: Mama wa karanga – kwa taarifa na kufungia.