Gari Lililotengenezwa na Kila Mtu

Masisi ina mafundi wa magari wengi kuliko magari. Ukitaka kuwaona wote kwa pamoja, simamisha gari kando ya barabara, fungua kapo, uache moshi utoke. Watashuka mlimani, watatoka shambani, wengine watakuja na ng'ombe wao. Kila mmoja atakuwa na jibu, na hakuna atakayekuuliza swali hata moja.

Mimi nina RAV4, ile ya zamani, fupi, ya milango mitatu, yenye volani upande wa kuume kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani. Sisi Wakongomani tunashika upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo nikitaka kulipita lori, lazima nimuulize aliyeketi kushoto kwangu kama mbele kuko wazi. Anayeketi hapo mara nyingi ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, na shemeji haoni mbali. Hayo tutayazungumza siku nyingine, tukiwa bado hai.

La leo ni joto. Barabara ya kutoka Goma kwenda Masisi-centre inaanza kwa upole. Kilometa kama 25 hadi Sake hazina ubishi mkubwa, ziwa likionekana na upepo ukipita dirishani, na wewe unaanza kupiga mluzi. Baada ya Sake mluzi unaisha. Kutoka mita karibu 1,500 juu ya usawa wa bahari unapanda kuelekea Mushaki mpaka unavuka 2,000, na unapanda kwa gia ya kwanza, ya pili ukibahatika, kwenye mashimo na tope, nyuma ya Fuso iliyopakia watu juu ya magunia. Upepo haupiti tena kwenye radiatere. Motere inanguruma, gari linatembea kwa mwendo wa mbuzi, na mbuzi wenyewe wanalipita.

Gari likizimika hapo watu husema limelogwa. Halijalogwa. Ni maji yenyewe yanayobadilika tabia. Mombasa yanachemka yakifika nyuzi 100, Goma karibu 95, na huko Mushaki kwenye 93 hivi yameshaanza kutokota. Kila mama wa Masisi anayepika maharagi anajua kwamba huko juu makala yanaisha kabla maharagi hayajaiva. Wajapani nao walijua, ndiyo maana kizibo cha radiatere wakakitia springi na lastiki. Springi inayabana maji, na maji yaliyobanwa vizuri hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Basi kilichokusudiwa kunifikisha Mushaki ni kile kizibo kidogo, ambacho unaweza kukificha ndani ya kiganja.

Changu kilikuwa cha sapatu.

Fundi mmoja wa Goma (simtaji, ana watoto) aliona lastiki ya kizibo imelika, akakata kiduara kwenye soli ya sapatu ya buluu, akakichomeka, akafunga juu kwa waya. "Papa, hii inashinda ya Toyota." Kabla yake fundi mwingine alikuwa ameondoa kalostati na kuitupa mtaroni, akisema hiyo ni kwa nchi za baridi. Si kweli. Kwenye motere nyingi kalostati ikifunguka ndiyo pia inayoziba njia ya mkato, ili maji yote yapite kwenye radiatere yakapoe. Ukiitoa, sehemu ya maji inapita njia ya mkato na kurudi motereni ikiwa na moto wake wote. Tambarare hutajua. Mlimani utajua.

Wa tatu ndiye ninayemkumbuka kila nikisali. Sensa ya kuwasha feni ilikufa. Hakutafuta sensa nyingine. Alichukua swichi ya taa, nyeupe, ya ukutani, ile unayobonyeza ukiingia sebuleni, akaigandisha kwenye dashibodi kwa gundi, akavuta waya moja kwa moja kutoka bateri hadi kwenye feni. "Ukiona joto, unawasha. Baridi ikirudi, unazima." Akafuta mikono, akataka dola zake. Kwetu hiyo ni Artikle 15, sheria ya kujipanga, na huwezi kuipinga kwa sababu siku hiyo hiyo gari liliwaka na kunifikisha nyumbani. Ufundi wa kujipanga una sifa hiyo: unakufikisha leo, deni unalilipia mlimani.

Basi tulikuwa tunapanda kwenda kumwona mama mkwe, nyuma tumepakia sukari, chumvi na kitenge chake. Feni ilikuwa inawaka tangu Sake. Shemeji, ambaye haoni lori, aliona sindano ya joto.

"Shemeji, hii sindano inaenda wapi?"

"Inaenda Masisi, kama sisi."

Haikufika. Mvuke ulitoka chini ya kapo, harufu ya sapatu iliyoungua ikaingia ndani, motere ikakohoa na kunyamaza. Nikavuta breki, nikatia jiwe nyuma ya gurudumu, nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Tik.

Mafundi wakashuka.

Wa kwanza, mchungaji mwenye koti refu na buti za mpira, alisema mara moja: "Mwaga maji baridi juu ya motere!" Tayari alikuwa na bidoni. Nikamzuia kwa mwili wangu. Kilasi, yaani kichwa cha motere ile, ni ya aluminiamu. Ukiimwagia maji ya mtoni ikiwa katika moto ule, inaweza kupasuka, na kilasi iliyopasuka haitengenezwi kwa sapatu. Wa pili, motari, alishusha abiria wake katikati ya barabara ili aje kuniambia ni bobini. "Muzee, hii iko bobini. Ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka. Yangu ilikuwa hivyo hivyo." Wa tatu alitaka kuvunja yai ndani ya radiatere ili lizibe tundu, ingawa hakuna aliyeliona tundu lenyewe. Yai lilipokosekana, akapendekeza unga wa muhogo. Nikamwambia gari hili lina matatizo ya kutosha, halihitaji kupikiwa bukari tumboni. Mama mmoja mwenye kikapu cha viazi mgongoni alitazama pasipo kusema neno, kisha akamwuliza mke wangu kama kuna mtu nyumbani asiyetupenda.

Kijana mmoja akanyoosha mkono kuelekea kwenye kizibo. "ACHA!" Sauti ilitoka nyuma yetu. Shofere wa lori alikuwa amesimama kwa sababu tulikuwa tumeziba njia, na huyu ndiye mtu pekee siku hiyo niliyetamani kumwita fundi. Mzee mfupi, kofia ya sufu, suruali imekakamaa kwa mafuta. Alikuwa anatoka upande wa Walikale.

"Hakuna mtu anagusa kitu," alisema. "Ukifungua hii sasa, maji yanakupanda usoni. Tunangoja."

Wakati tunangoja, alifanya mambo yake polepole. Alivuta kijiti cha mafuta, akakifuta kwenye suruali, akakirudisha, akakivuta tena, akakiinua juani. Mafuta yalikuwa meusi. "Nzuri. Yangekuwa rangi ya chai ya maziwa, ungeanza kulia. Maji yangekuwa yameingia." Kisha akatia gia ya pili, akaagiza watu walisukume gari mbele na nyuma kidogo, akasikiliza. Motere ilizunguka pamoja na magurudumu, maana yake haikuwa imekamata. Motari akarudi na bobini yake: tung'oe waya wa buji, tuulaze karibu na chuma, tutazame kama unatoa cheche. Mzee akamtazama kwa huruma. "Demarere haizunguki, mtoto wangu. Cheche utaiona wapi?"

Hapo wote wakanyamaza kidogo, jambo ambalo Masisi si la kawaida.

Chukudu iliyobeba makala ilishuka kwa kasi ikatupita, mwenyewe amesimama juu yake, mguu mmoja ukikandamiza kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo breki, na hakuna kingine. Mti wa mkaratusi, misumari, kipande cha tairi. Goma wameichongea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na siku ile nilielewa kwa nini hakuna aliyeichongea RAV4.

Mzee alikaa juu ya jiwe, akatusimulia barabara yake. Ukivuka Nyabiondo na Kashebere na kuteremka kuelekea Walikale, milima ya ng'ombe inaisha, msitu unaanza, na huko anayechemsha motere ni tope. Linaingia kwenye mapezi ya radiatere, linakauka, linaziba, na shofere anayejaza maji kila kijiji hajui kwa nini maji hayamsaidii. Yeye huosha radiatere kwa nje kabla ya kuangalia chochote ndani, na huiosha kutoka upande wa motere, ili tope lirudi lilikotoka. Alisema lami nzuri aliikuta Kilambo, karibu na Walikale. Ndiyo ile lami ambayo miaka ya 2000 ndege zilikuwa zinatua juu yake kuchukua kasiterite iliyotoka msituni Bisie, ikibebwa mgongoni kwa magunia ya kilo 50. Ndege ilipokaribia, magari yalipisha. Nilifikiria jambo hilo kwa uchungu. Nchi nzima tunaililia lami, na kipande kilichopatikana walipewa wenye mabawa.

Kisha mtoto mmoja mchungaji, fimbo begani, kamasi puani, ambaye tangu mwanzo hakutoa shauri lolote na kwa hiyo hakuna aliyemjali, akanyoosha kidole ndani ya kapo.

"Papa, gari imekufa. Hii inazungukia nini?"

Ilikuwa feni. Ilikuwa inazunguka bado, polepole sana, kwa uchovu. Motere ilizimika, lakini swichi ya sebuleni haijui kama motere imezimika. Imeunganishwa na bateri, na bateri, iliyokuwa imechoka tayari motere iliponyamaza, ilimaliziwa taratibu huku sisi tukijadili mayai. Shemeji aliinama akaitazama dashibodi, akabonyeza. Feni ikasimama.

"Kumbe ni hii," alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Leo kwa wakwe anasimulia hivyo hivyo.

Motari naye hakushindwa kabisa. Mzee alikubali kwamba kilichoizima motere kwanza kinaweza kuwa bobini iliyozidiwa na moto, lakini kilichoizuia kuwaka tena ni njaa ya bateri. Tulikaa mpaka kapo likaweza kushikika kwa mkono. Mzee akaweka kitambaa kizito juu ya kizibo, akafungua nusu, akaacha mvuke utoke kwa kuzomea, kisha akafungua chote. Aliinua kile kiduara cha buluu kilichokunjamana, akakigeuza pande zote mbili.

"Namba ngapi?" aliuliza.

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Tukatia maji kidogo kidogo. Na kwa kuwa gari lilikuwa limeelekea juu na hakuna kichaa wa kulisukuma kupanda, mzee akaniambia nitie gia ya nyuma, nikanyage klachi, niondoe jiwe, niliache liteleze kuelekea Sake, kisha niachilie klachi. Tuliteleza kinyumenyume, mke wangu akiomba kwa sauti, mama wa viazi akikimbia pembeni. Nikaachilia. Gari likaruka, likakohoa, likawaka. Mafundi wote wakapiga makofi, kila mmoja akijipigia mwenyewe.

Tulifika usiku. Kwenye bariere, ambayo miaka hii hubadilisha wenyewe upesi kuliko mimi ninavyobadilisha mafuta ya motere, walituuliza kwa nini gari linapumua vile, tukalipia hata hiyo pumzi. Mama mkwe alipokea kitenge, akasema sukari ina harufu ya moshi.

Niliporudi Goma nilinunua kizibo chenye springi yake, kalostati, na sensa ya feni. Vyote vitatu kwa pamoja havikufikia bei ya kilasi moja iliyotumika. Muuzaji aliniuliza kama navipeleka kijijini, kwa sababu mjini, alisema, watu hawanunui vitu hivyo, wanavitoa.

Kwa hiyo naandika kwenu, mafundi wa Goma, wa Sake, wa Masisi na wa Walikale, mnaonisoma huku mmekalia magurudumu ya watu. Mkifungua motere ya mtu, kila kilichotoka kirudi mahali pake. Kikiwa kimekufa, msikitupe mtaroni na msikivishe sapatu: kitieni kwenye karatasi, mpeni mwenye gari mkononi, mmwambie jina lake na kazi yake, halafu mmtume dukani. Atanung'unika, atasema mnamwibia. Mwacheni anung'unike akiwa bado Goma.