Alfabeti ya Uzeeni

Marekani, mtu akifikisha miaka 65 huingia Medicare, bima ya afya ya serikali, na papo hapo anarudishwa darasa la kwanza kusoma herufi. Sehemu A ni kulazwa hospitali. B ni daktari na vipimo. D ni dawa. C, iitwayo Medicare Advantage, ni kampuni binafsi inayokufungia A na B, mara nyingi na D, katika kapu moja, kisha inakuonyesha na madaktari wa kwenda kwao.

Umeelewa? Hongera. Sasa kuna bima ya kuziba mapengo ya malipo ya Medicare, Medigap, nayo ina mipango yake: A, B, C, D, F, G, K, L, M na N. Mpango A si Sehemu A, usije ukaaibika. Karibu majimbo yote, Mpango G wa kampuni hii una mafao yaleyale ya Mpango G wa kampuni ile. Kinachotofautiana ni bei, na babu anayechekelea kwenye tangazo.

Ukichelewa kujiandikisha B bila sababu inayokubalika, ada inapanda asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyozubaa, kwa kawaida hadi kaburini.

Halafu Medicare yenyewe, ile ya serikali, kwa kawaida hailipii miwani, vifaa vya kusikia wala meno. Kwa hiyo mzee asome maandishi madogo bila miwani, amsikilize wakala wa bima kwenye simu bila kifaa. Meno hayana haja. Nani kamuuliza kitu?