Lifti Isiyomngoja Mtu

Picha bado inazunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: mtu mzima, koti la kuazima, amechuchumaa ndani ya kisanduku cha mbao, mikono kichwani, anasubiri dari limwangukie. Shangazi ameandika "Pole mwanangu", kisha akaweka safu nzima ya vile vinyago vinavyotoa machozi kwa kicheko. Mtu huyo ni mimi, na mpiga picha ni mpwa wangu wa damu.

Wa kulaumiwa wa kwanza ni mzee mmoja wa barazani kwetu aliyesoma Prague, katika Chuo Kikuu cha 17 Novemba. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1961 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kikafungwa 1974. Mzee alirudi na shahada, kofia ya manyoya, na hadithi ya lifti isiyosimama, ambayo ikifika juu kabisa hupinduka na kumteremsha abiria miguu juu. Baraza zima lilimwona mwongo. Mimi nikaapa kwamba nikifika huko, daraja na makasri wayaone wengine. Mimi nitaitafuta lifti.

Ipo. Inaitwa paternosta, na mpwa wangu anayesoma huko alinipeleka kuiona katika jengo la ofisi ambalo ungelipita bila kugeuza shingo. Niieleze, maana ukisikia lifti utafikiria mlango, vitufe na kioo cha kujitazamia. Hapa hakuna mlango wala kitufe. Kuna matundu mawili ukutani, na ndani yake vinapita visanduku vya mbao kimoja baada ya kingine, upande huu vikipanda, upande ule vikishuka, kutwa nzima, uwepo usiwepo. Kila kisanduku kinachukua watu wawili. Mwendo wake ni kama sentimita 30 kwa sekunde, mwendo ambao kwenye karatasi ni wa mgonjwa, lakini ukisimama mbele yake unatokwa na jasho.

Kilichonishika hasa ni kule kileleni. Kisanduku kikifika juu kinakwenda wapi? Mpwa alinichorea kwenye karatasi ya mkate. Minyororo ni miwili. Mmoja umeshika kisanduku kwenye pembe ya mbele ya upande mmoja, wa pili kwenye pembe ya nyuma ya upande wa pili, kwa mshazari. Magurudumu yanayoizungusha nayo hayalingani. Moja limesogea kando ya mwenzake. Kwa hiyo kisanduku kikifika juu hakipinduki, kinahama kando kikiwa wima vilevile, kinavuka kwenye tundu la pili na kuanza kushuka. Chini hali ni hiyohiyo. Msanifu majengo Peter Ellis wa Liverpool alikuwa na wazo hili tangu miaka ya 1860, na nimelirudia jikoni kwangu kwa uzi na kiberiti hadi mke wangu akaomba kiberiti chake. Jinsi inavyokubali inafurahisha mno.

Kwenye ukingo wa sakafu kuna ubao wenye bawaba, unaoinuka mguu uliochelewa ukibanwa. Mpwa alinionyesha ubao huo ili kunituliza. Mimi nilielewa jambo moja tu: kwamba miguu huchelewa. Mwaka 2015 Ujerumani ilitoa kanuni kwamba asiyepewa mafunzo asipande chombo hiki. Wananchi wakapiga kelele na serikali ikalegeza kamba. Mimi niko upande wa kanuni.

Mpwa akaruka ndani, akageuka kunitazama, akapaa. Kwanza uso ukapotea, kisha kifua, mwisho viatu. "Mjomba, ingia! Si umedandia daladala miaka yote!" sauti ikatoka darini. Nimedandia, ndiyo. Lakini daladala ina konda, na konda ana mkono wa kukuvuta. Hapa sakafu inachomoza kutoka chini, inalingana na yako kwa muda wa kupepesa jicho, inakuwa ngazi, inakuwa meza, imekwenda. Inakuja nyingine. Na nyingine.

Nyuma yangu ikaota foleni. Wacheki hawasukumani, wanangoja, na kungoja kwao kunakuumiza zaidi kuliko kusukumwa. Bibi mmoja mwenye mkongojo na mfuko wa mboga akasema, "Prosím," akanipita, akaingia kisanduku kilekile nilichokuwa nakipigia hesabu. Alipokuwa akipaa aliniinamia kidogo, kama anayetoa rambirambi.

Niliingia. Niliingia kwa goti, lakini niliingia. Kumbe kutoka ni mtihani mwingine. Ghorofa ya tatu mpwa alinyoosha mkono, nikanyoosha mguu, ukingo ukaja, nikarudisha mguu. Ya nne vilevile. Ya mwisho ikapita na bango la Kicheki ambalo baadaye niliambiwa linasema kuvuka juu hakuna hatari.

Giza. Harufu ya grisi. Minyororo inaguna karibu na sikio. Elimu yote ya mshazari ikayeyuka, maneno ya mzee wa barazani yakabaki peke yake. Nikachuchumaa, nikashika kichwa, nikatafuta dua. Iliyokuja ni ya kula.

Kisanduku kikahama kando kwa upole kabisa, kikaanza kushuka, nami bado nimekunjamana. Kila ghorofa walikuwapo wafanyakazi wenye vikombe vya kahawa, na sentimita 30 kwa sekunde ni mwendo unaotosha kumchunguza mtu vizuri, unyayo hadi utosi. Mpwa alikuwa ameshatoa simu. Nilipofika chini nikashindwa tena kutoka, na mlinzi, kwa wema au kwa kuchoka, akabonyeza kitufe chekundu. Kumbe kitufe kipo, kimoja. Mashine nzima ikasimama. Juu yakasikika malalamiko. Katika tundu la kupanda ikabaki inaning'inia miguu ya bwana mmoja, suruali nyeusi, soksi za kijani, ikigongagonga sakafu.

Mlinzi akaniomba pasipoti. Bibi wa mkongojo hakuombwa kitu. Watalii wawili wazungu waliokuwa wakipiga picha na kucheka hawakuombwa kitu. Tuliombwa mimi na mpwa wangu, ambaye ana kibali cha kuishi na anaongea Kicheki kuliko mimi ninavyoongea Kiingereza. Kurasa zikafunuliwa moja moja.

Hapo mzaha ulinitoka, na haujarudi wote. Vijitabu vya watalii vinatuhimiza tuache njia kuu, tuingie vichochoroni, tupotee. Ni ushauri mzuri kwa mtu asiyetazamwa. Mimi, ili nifike, nilitakiwa nioneshe ninalala wapi, nani analipa, benki nina nini, bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na nitarudi lini. Aliyeahidi hayo yote kwa maandishi haruhusiwi kupotea. Akipotea anapewa jina jingine. Na kona tulivu ndiyo inayomwanika mgeni wa rangi yangu. Kwenye Daraja la Charles, katikati ya halaiki, sikutazamwa na mtu. Katika mtaa wa Nový Svět, ule mtulivu wa nyumba ndogo upande wa pili wa kasri, pazia lilisogea kabla sijafika katikati.

Mengine yalikuwa mepesi. Katika mtaa wa Malá Strana kuna uchochoro wa upana wa kama nusu mita wenye taa za waenda kwa miguu. Nilisubiri kijani, nikaingia, nikakutana na bwana mnene asiyeamini taa, nikatoka kinyumenyume. Katika bustani ya Vojanovy sady tausi alikula andazi langu. Františkánská zahrada, bustani iliyofichika hatua chache kutoka uwanja wa Václavské náměstí, ni nzuri, na nilikaa hapo bila kuaibika hata mara moja.

Mzee nimemwambia kwamba lifti haipinduki. Amesema ya enzi zake ilipinduka.

Ukitaka kuiona paternosta, ipo pia katika jengo la Lucerna, lililojengwa na babu yake rais Václav Havel. Utalijua kwa farasi aliyekufa anayening'inia kichwa chini, na mtakatifu Wenceslas amemkalia tumboni, kazi ya mchongaji David Černý. Unapoingia, tanguliza mguu sakafu ikiwa bado chini kidogo ya yako, usingoje zilingane. Na kabla ya hayo yote, andaa ada ya viza: euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi hata ukinyimwa.