Glopu ya Mjerumani

Miongoni mwa ahali wa Temeke na Kinondoni imethibiti itikadi kwamba kila kikuukuu kilichofukuliwa shimoni ni mali ya Mjerumani, na kwamba mali ya Mjerumani thamani yake ni nyumba ya ghorofa. Basi si ajabu kuwa, baada ya rupia na cherehani, zamu imeifikia glopu. Mnunuzi mwenye ilimu angeanza kuitazama utosini, kwani glopu za kabla ya miaka ya 1920 aghalabu zina ncha ya kioo pale hewa iliponyonywa. Kisha angeukagua uzi wa ndani, ambao ukiwa wa kaboni huwa mweusi, umekunjwa kitanzi, na nuru yake nyekundu ya kaa. Dalali wetu haulizwi hayo. Huulizwa kama ina zebaki, naye huapa kwa kaburi la babu yake kwamba iliangaza sebule yao hapa hapa Tandika zama za Kaiser, ilhali umeme wa Mjerumani, ulioanza Dar es Salaam mwaka 1908, ulihudumia karakana za reli na makazi ya Wazungu. Kitakoni, kwa herufi ndogo zisizo haya, pamechapwa: LED 4W. Bei milioni tatu, maongezi yapo.