Sifa za Muamala Ulioshindikana

Jijini Arusha, Mnara wa Saa una wasifu wake, Azimio la Arusha la 1967 lina wasifu wake, lakini muamala ulioshindikana, tangu Soko Kuu mpaka Tengeru, huambulia msonyo tu. Muuza ndizi keshafunga mkungu, macho yako kwenye simu, na kinachoingia ni ujumbe mkavu: muamala haujafanikiwa. Namtetea mtukufu huyu kwa sababu katika mifumo ya fedha sijui mtumishi mkweli kumzidi. Kanuni yake ni yote yafanyike au lisifanyike hata moja. Shilingi 20,000 zikitoka huku sharti ziingie kule. Umeme ukikatika katikati, hifadhidata ikiwaka husoma kumbukumbu yake, ikakamilisha kilichoidhinishwa na kufuta kilichoishia njiani. Jim Gray alipata Tuzo ya Turing ya mwaka 1998 kwa kazi iliyojengwa juu ya jambo hili. Mlima Meru wenyewe haukujaliwa bahati hiyo ya kurudishwa ulivyokuwa: ubavu wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na mpaka leo uko wazi.

Atauliza mtu: mbona basi hela hukatwa na tokeni ya umeme isije? Hapo mtukufu anasingiziwa. Hela iko kwenye hifadhidata moja, tokeni inatoka kwenye nyingine, na upande mmoja ulishafunga hesabu kabla ya jibu la mwenzake kufika. Ndani ya programu za ofisini hali ni mbaya zaidi, maana kuna waandishi wa programu ambao kazi yao ni kumziba mdomo. Kwenye Spring, mfumo wa kuundia programu za Java, kosa lisilo la ukoo wa RuntimeException au Error haliufuti muamala mpaka mwandishi wa programu aagize hivyo. Na hata la ukoo huo, likidakwa ndani na kunyamaziwa, halifuti kitu. Matokeo yake stoo imepungua, risiti haipo, na skrini inaandika “Imefanikiwa” kwa kijani. Fundi atakesha na kosa hilo, kwa kuwa halikuacha saa wala sababu.

Kwamba mteja hajali hayo yote, yeye anataka ndizi zake, nakubali. Ila atabonyeza tena, na hapo ndipo tofauti inapoonekana. Kama muamala ulishindikana kweli, amepoteza dakika moja. Kama ulinyamaza tu, na mfumo hautambui kwa namba ya kumbukumbu kuwa ombi ni lile lile, mkungu mmoja ataulipia mara mbili.